Tupeane uzoefu: mzao wa kwanza wa sungura nyumbani ulikwendaje?

Bwana Vizimba, Kibaha (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nina majike wawili na dume mmoja, New Zealand White, wale weupe wa macho mekundu. Banda liko uani, jike mkubwa ametimiza miezi 6. Vijitabu vya kusoma ninavyo. Nawataka waliozalisha wenyewe wasimulie mzao wa kwanza ulivyokwenda.

Mama Lusina, Arusha
Karibu, mkuu. Jike ndiye apelekwe kwa dume, siyo dume kwa jike. Jike hulinda kizimba chake kwa meno. Kwa dada yangu dume alitolewa mle sikio limechanika. Ukishawakutanisha simama hapohapo. Dume akimaliza huanguka ubavu, wengine hutoa na mlio kabisa. Usishtuke, hajafa. Mrudishe jike kwake, na baada ya saa kadhaa mpeleke tena, kwa sababu yai la sungura hushuka baada ya kupandwa, hana siku za joto za kusubiri kama ng'ombe. Tarehe iandike ukutani kwa chaki. Mimba ni siku 28 hadi 32, kwangu wengi huangukia ya 31. Siku ya 27 weka kisanduku chenye nyasi kavu. Ukimwona ananyonyoa manyoya ya kifuani, nenda kalale, usimchungulie na tochi kila saa.

Kabuti, Nakuru
Mimi mzao wa kwanza ulininyima usingizi. Watoto wametoka uchi, macho yamefumba, na mama yao amekaa kona ya pili anatafuna majani ya viazi vitamu kana kwamba si wake. Mchana kutwa hakuingia kisandukuni. Nikawa nishachemsha maziwa ya ng'ombe, jirani mmoja mzee akanizuia: "Wapapase tumbo kwanza." Nikawapapasa, yamejaa, yamekaza! Kumbe jike hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu, na mara nyingi ni usiku au alfajiri. Macho yalifumbuka kwenye siku ya 10 hivi.

Bwana Vizimba, Kibaha
Asante sana. Na huku kwetu Pwani, joto hili?

Fundi Bati, Tanga
Hapo ndipo penye kesi, kaka. Joto likipita nyuzi 30 kwa muda, mbegu za dume hufifia. Anapanda vizuri, jike hashiki, na wewe unamlaumu jike. Hata joto likipungua, wiki kadhaa hupita kabla hajawa sawa. Mimi kazi yangu ni bati lakini banda la sungura nimeezeka makuti, na wakati wa kaskazi napandisha alfajiri tu. La pili siafu. Waliingia usiku kwenye kisanduku cha jirani yangu, asubuhi hakukuta mtoto hata mmoja. Miguu ya banda isimamishe kwenye makopo yenye oili chafu.

Shamba Dogo, Kiambu
Mtu aseme pia habari ya soko. Jike mmoja akikupa watoto 6 au 8 kila mzao, kizimba kinajaa haraka. Huku tuliuziwa sungura wa mbegu na vizimba kwa bei ya juu na watu walioahidi kununua sungura wote pamoja na mkojo wa kunyunyizia mboga. Simu zao hazipokelewi tena. Mkojo ni mbolea nzuri, sikatai, lakini mimi naumwagia sukuma wiki yangu mwenyewe.

Fundi Bati, Tanga
Kweli. Ulizia mtaani kwanza nani anakula. Hapa Waislamu wenzangu wananunua, Wasabato hawagusi.

Mbeya Baridi
Nyongeza: kwangu vifo havikuja kwenye kuzaa, vilikuja baada ya kuwaachisha kunyonya. Watoto wanaharisha, matumbo yamevimba. Daktari wa mifugo alisema ni koksidia, vijidudu vinavyoenezwa na kinyesi, na akanionyesha sakafu yangu ya mbao ilivyolowa mkojo. Nikaweka waya wenye matundu madogo na kibao kikavu cha kupumzishia miguu, majani nayaanika yanyauke kabla ya kuwapa. Ila ukimwona sungura mzima anakula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka nyuma, mwache. Ndivyo walivyoumbwa.