Naomba ushauri: kupima presha ya kichwani bila manometa (mrija wenye alama wa kupimia presha ya maji ya ubongo)

Wenzangu wa wodini, hapa Mbarara na kwingineko Uganda, naombeni msaada kuhusu wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo ya fangasi wa kriptokoka.

Fangasi huyu huziba vijia ambamo maji ya ubongo hurudi kwenye damu, ilhali ubongo unaendelea kutengeneza takriban mililita 20 kila saa. Ndiyo maana mgonjwa aliyepata nafuu asubuhi anaweza kurudiwa na maumivu makali ya kichwa, kutapika au kuona vitu viwili. Dawa za kupunguza presha, manitoli na asetazolamidi, hazisaidii hapa. Tiba ni kutoa maji hayo kwa sindano ya mgongo, hata kila siku, presha ikizidi sentimita 25 za maji.

Manometa zikiisha, mrija safi wa dripu hushikiliwa wima kando ya rula, sifuri ikiwa usawa wa sindano. Mgonjwa alale ubavu, kisha alegeze miguu kabla ya kusoma; akijikunja sana au akikaza tumbo, kipimo hupanda kwa uongo. Viputo vya hewa navyo huharibu kipimo.

Maswali yangu: mnaukata mrija urefu gani ili maji yasimwagike presha ikipita sentimita 40? Mkikosa kipimo kabisa, mnatoa maji hadi mililita 20 au mnafika 30?

Na hili ndilo zito zaidi: mnawaelezaje ndugu wa mgonjwa wanaoamini sindano ya mgongo ndiyo inayoua? Wakikataa, mgonjwa anaweza kupofuka au kufa.