Naomba ushauri: zege la majivu ya makaa ya mawe bado laini siku ya tatu, nivunje?

Mjenzi_Mpya: Habari zenu wakuu. Nimemwaga sakafu ya stoo, nikapunguza saruji asilimia 40 na kujazia majivu ya makaa ya mawe ya mtambo wa umeme. Niliambiwa yanaimarisha zege. Leo siku ya tatu, nikikwaruza kwa msumari unatoka unga. Wiki ijayo namwaga nguzo na mihimili. Nivunje?

Fundi Koleo: Usivunje kwanza, mkuu. Majivu hayashiki yenyewe kama saruji. Saruji ikilowa hutoa chokaa, na majivu huila hiyo chokaa polepole mpaka yatengeneze gundi ileile ya saruji. Mwanzoni zege huwa dhaifu, ila kufikia siku ya 56 au 90 linaweza kulipita la saruji tupu. Bwawa la Hungry Horse kule Marekani, lililokamilika 1953, lina majivu ya aina hiyo. Unamwagilia?

Mjenzi_Mpya: Nilimwagilia siku moja nikaacha, ili likauke.

MamaMhandisi: Hapo ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Zege halipati ugumu kwa kukauka, linakomaa, na bila maji linaacha kukomaa. Tandika magunia yaliyolowa leo hii, funika na nailoni, ukae nayo wiki mbili. Hayo majivu yalikuwaje mkononi?

Mjenzi_Mpya: Meusi, yana punje kama mchanga, nyingine zina vitundu.

MamaMhandisi: Basi umepewa mchanganyiko. Ya kutia kwenye saruji ni yale yanayonaswa kwenye moshi: mara nyingi ya kijivu, laini kama unga. Chembe zake ni za duara, ndiyo maana zege huteleza vizuri kwa maji machache. Punje zenye vitundu ni za chini ya tanuri. Hizo huweza kushika nafasi ya mchanga, si ya saruji. Weusi nao unanitia shaka ya makaa yasiyoungua. Kiwango cha ASTM C618, cha Kimarekani cha majivu ya kutia kwenye zege, kinataka majivu yakichomwa yasipoteze zaidi ya asilimia 6 ya uzito. Dai cheti cha maabara kabla ya kupokea gunia. Na uvae barakoa, vumbi lile lina silika, madini yanayodhuru mapafu.

Fundi Koleo: Kama ni hayo, nabadili kauli. Mwagilia, lakini usiweke mzigo mzito hapo mpaka sakafu ipimwe. Kwenye nguzo usiyaguse kabisa. Ukipata laini yenye cheti, asilimia 15 hadi 25 inatosha, tena mhandisi wako akubali kwanza. Mbao za chini ya mihimili usizitoe kwa siku ulizozoea, subiri majibu ya vipimo.

Mjenzi_Mpya: Magunia nayalowesha sasa hivi. Vipande vya zege vya kupima nguvu nimwage vingapi?

MamaMhandisi: Tisa. Vitatu vya kupimwa siku ya 7, vitatu vya 28, vitatu vya 56. Andika tarehe juu ya kila kimoja.