Bonde la Simiyu: tupime mpaka maji yaliyomo kwenye ubwabwa?

Mdau wa Nyegezi: Wadau naileta hii hoja. Sisi tukisema matumizi ya maji tunawaza ndoo na mita ya bomba basi, wakati maji mengi mtu anayamaliza kupitia sahani na nguo. Kulikuwa na profesa wa Uholanzi, Hoekstra, alianzisha hesabu ya nyayo za maji (yaani maji yote yaliyotumika kuzalisha kitu) mwaka 2002, zikaja kugawanywa mafungu 3: mvua inayotumiwa na mimea, maji ya mtoni, ziwani na visimani, na yale ya kuzimulia uchafu. Wastani wa dunia kilo ya mchele ni kama lita 2,500, nyama ya ng'ombe 15,400. Sasa mto wetu Simiyu, huu unaomwaga Ziwa Victoria, kiangazi unabaki mchanga, si tupime hivi kabla ya kugawa vibali vya umwagiliaji? Wenye ng'ombe mjiandae hahaha.

Ng'wana Magu: Tujiandae na nini? Ng'ombe wangu lita elfu 15 anazinywea wapi, lambo likikauka nawaswaga mpaka ziwani na jua lote lile. Mtu kakaa Nyegezi anakula nyama choma kila jumamosi halafu mlaji wa maji ni mimi

Chinga wa Makoroboi: Mkuu soma taratibu, 15,400 ni kwa kilo moja ya nyama. Na zaidi ya asilimia 90 ya hayo ni mvua iliyootesha majani na chakula chake, hajayanywa.

Ng'wana Magu: Basi umenisaidia. Mvua ya Mungu, majani yameota yenyewe porini, unanidai nini? Hata majaluba yetu ya mpunga yanasubiri mvua, hatuna pampu.

Mwalimu mstaafu: Hapo ndipo penye hoja, vijana. Lita ya mvua iliyonyesha Meatu si sawa na lita iliyovutwa mtoni mwezi wa tisa, ukizijumlisha pamoja utamwonea mfugaji na kumwachia mwenye pampu. Halafu pamba ya Bariadi inalimwa kwa mvua, inafungwa marobota inapelekwa nje. Fulana moja ni zaidi ya lita 2,000, hizo tumwandikie mkulima au anayeivaa huko ughaibuni?

Dada Buzuruga: Mwalimu shikamoo, ila mnanichosha. Huku bomba linatoka saa nane usiku, linaanza kutoa upepo na mita inazunguka, nyie mnapima maji ya kwenye fulana. Anzeni na hao wa bajaji wanaooshea ziwani, mafuta yote yanaelea pale watu wanapochota

Bajaji ya Igoma: Bajaji tena? Noah na malori hamyaoni? Mimi naosha kwa ndoo 2, wewe umefua mashuka ya wageni umemwaga madumu mangapi

Dada Buzuruga: Ndoo 2 ukiwa umeiingiza mpaka magurudumu ziwani, usinichekeshe.

Chinga wa Makoroboi: Kimsingi dada ameligusa fungu la tatu bila kujua, maji ya kuzimulia uchafu. Dumu la oili chafu likimwagika inatakiwa ziwa kiasi gani kurudisha maji kwenye hali yake, hiyo nayo inahesabiwa.

Dada Buzuruga: Bila kujua?? Kwa taarifa yako nimesoma.

Kijana wa Mkolani: Hii ni tozo inakuja, nawaambia. Leo nyayo, kesho risiti. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 ina vibali na ada tayari, sasa wanatafuta pa kuongezea

Mdau wa Nyegezi: Nani kataja tozo jamani, nimesema kupima tu.

Kijana wa Mkolani: Ndio zinavyoanzaga.

Mwalimu mstaafu: Suala la pamba hamkulijibu.

Bajaji ya Igoma: Mwalimu subiri kidogo. Huyu dada aseme kwanza mto Mirongo hapa Mwanza mjini nani anauchafua, bajaji au hao wanaotapisha vyoo mvua ikianza kunyesha. Wengine wako hapa hapa wanachangia mada

Dada Buzuruga: Kama ni mimi nitaje jina, usizunguke. Na choo changu mwaka huu kimenyonywa na gari, njoo nikuonyeshe risiti.