Wapiga picha wa harusi, mnatufutia wazee wetu kwa f/1.8!

Assalaam alaykum wana jamvi. Nina hasira na sitaki kuzificha.

Mdogo wangu kaolewa hapa Unguja. Bibi yetu mzaa mama kapanda boti kutoka Pemba, bahari imechafuka, katapika njia nzima, ilimradi apigwe picha na mjukuu wake. Jana tumeletewa picha. Ile ya familia, Forodhani, watu wanane safu mbili: waliokaa mbele unahesabu hata nyuzi za mtandio, waliosimama nyuma ukungu mtupu. Bibi yuko nyuma. Uso wake hauna macho, ni vivuli viwili tu.

Nikampigia mpiga picha. Ananijibu, "Ndio mtindo dada, nyuma inafifia." Nyuma ipi? Bibi yangu ndiye nyuma?

Hii si siri ya mafundi. Namba ya f, kama hiyo 1.8 ya f/1.8, ndiyo inayopanga ukubwa wa tundu la lenzi. Ikiwa ndogo, tundu hilo linafunguka sana na sehemu inayotoka wazi inakuwa nyembamba. Lenzi ya milimita 50, kamera ya sensa kubwa, umesimama mita 3: kwa f/1.8 unapata kama sentimita 40 tu, mbele hadi nyuma. Safu mbili za watu zitaenea wapi humo? Kwa f/8 unakaribia mita 2, na wote wangetoka. Wala asinambie mwanga! Saa kumi alasiri, jua linachoma, hata ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga, isingehitaji kupanda.

Mikono ndiyo imeniliza khasa. Mchoraji kainama saa nne nzima juu ya hina na piko, na huyu mpiga picha kasogea karibu kabisa kwa f/1.8 ileile. Ukisogea hivyo, kilicho wazi hakifiki sentimita 1. Pete inang'aa, maua yote kuanzia vifundo vya vidole yameyeyuka. Na mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe, wenye misumari ya shaba, tulioutafuta vichochoroni, umekuwa uji wa kahawia.

Bi harusi peke yake, usiku, taa hafifu, fungua lenzi utakavyo. Lakini watu wakiwa safu mbili, zungusha hilo gurudumu la namba ya f jamani!

Aliyewahi kudai pesa zake kwa kazi kama hii anieleze alianzia wapi.

Bibi kaondoka na boti ya leo. Jana usiku aliishika ile picha, akaisogeza kwenye taa, akaniuliza yeye yuko wapi.