Naomba ushauri: Je, NFL wanapendelea makocha wa ushambuliaji?

Wakuu, naomba wanaofuatilia NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mnisaidie kupima jambo hili. Tangu Rams wamwajiri Sean McVay, mtu wa ushambuliaji, kuwa kocha mkuu mwaka 2017 akiwa na miaka 30, timu kadhaa zimefuata njia hiyo. Mwaka 2019 Packers walimchukua Matt LaFleur na Bengals wakamchukua Zac Taylor, wote waliofanya kazi chini yake.

Hoja yenye uzito kwangu ni kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. Kocha mkuu akiwa wa ulinzi, mratibu wake wa ushambuliaji aking'ara huchukuliwa kwingine, na kwotabeki anaanza kujifunza mfumo upya. Falcons ya Dan Quinn, kocha wa ulinzi, ilifunga pointi 540 msimu wa 2016. Mratibu wao wa ushambuliaji, Kyle Shanahan, akaenda 49ers, na msimu uliofuata Falcons wakashuka hadi 353, kwotabeki akiwa yuleyule Matt Ryan.

Lakini DeMeco Ryans, mtu wa ulinzi, aliipa Texans ubingwa wa kundi 2023 na 2024.

Nitenganishe vipi mchango wa kocha na wa kwotabeki? Pointi kwa mechi hupotosha, maana ulinzi mzuri huwapa washambuliaji mpira karibu na lango la mpinzani. Nitumie pointi kwa kila umiliki, yaani kila zamu ya timu kushambulia na mpira? Na John Harbaugh, aliyetokea timu maalumu (kikosi cha mipira ya mateke), nimweke kundi gani?