Mrejesho: zile chupa tisa za sukre (soda) za marehemu baba mdogo

Wapendwa, ni mimi wa Lubumbashi, niliyeuliza kama chupa tisa za sukre nilizokuta kwenye depo ya marehemu baba mdogo, kule Kenya, zina thamani. (Kenya ya kwetu ni komini, yaani sehemu ya mji, si nchi!) Asanteni sana kwa majibu.

Mlisema nianze na mstari wa kalibu, ile alama inayoachwa ubavuni pale vipande vya kalibu vinapokutana. Kwa zote tisa mstari unapanda hadi mdomoni, basi ni za mashine, si za kupulizwa na mtu. Saba ni za kawaida kabisa, nimezirudisha kwenye kreti. Ya nane ni Coca-Cola ya kijani yenye maandishi ya Nov. 16, 1915. Nilirukaruka! Kumbe hiyo ni tarehe ya hataza ya lile umbo lililobuniwa Terre Haute, Marekani, na chupa zenye maandishi hayo ziliendelea kutengenezwa kwa miaka baadaye. Tena mdomo umemeguka.

Ya tisa ndiyo inayoniuma. Imeandikwa Elisabethville kwa rangi nyeupe, na mji wetu uliitwa hivyo mpaka 1966, kwa hiyo umri wake hauna ubishi. Mwenye duka la vitu vya kale akatoa dola 15. Ila kabla ya kusoma onyo lenu la kutosugua nilikuwa nimeisugua kwa waya wa sufuria, nusu ya herufi zikaenda na maji. Ingekuwa nzima angetoa 40, alisema huku akicheka.

Sijauza. Mama anaitaka atilie mafuta ya mawese, nimeificha.