Ushauri: Niache redio nikawe afisa habari wa timu ya mbio za magari?

VumbiLaNamanga (mleta mada)
Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mimi ni binti wa miaka 27, nipo Arusha, nasoma habari za michezo kwenye redio moja ya hapa mjini, mwaka wa nne huu. Mshahara laki nne na nusu, na ukichelewa unachelewa kweli kweli.

Ugonjwa wangu ni mbio za magari. Baba alikuwa fundi, nimekulia gereji. 2024 nilijilipia nauli kupitia Namanga mpaka Naivasha kwenye Safari Rally, nikarudi na ripoti ya dakika sita. Mhariri akaikata ikabaki sekunde arobaini. "Dada, huo mchezo wa wenye hela na wanaume wao. Watu wanataka Simba na Yanga." Wiki iliyofuata nikapangiwa kipindi cha mapenzi usiku.

Sasa kuna timu inayoshiriki mbio za taifa inatafuta afisa habari. Laki tisa, na safari zote juu yao. Lakini nikikubali, redio wamesema niache maiki. Na mimi sijawahi kuota kumsifia dereva mmoja. Nataka kusimama pale kipande cha mbio (sehemu ya njia inayopimwa muda) kinapoishia nimuulize yeyote ninayemtaka. Mama anasema nichukue hela. Nyie mnasemaje? Wa kunikejeli pia karibuni, nimeshazoea.

GiaYaTano
Laki tisa halafu unauliza? Mwenzio nina diploma nauza chipsi. Chukua, ndoto utaota ukishashiba.

BachelaMtaa
Hicho kipindi cha mapenzi ni saa ngapi? Nina swali.

MzeeWaKoili
Marahaba mwanangu. Kuna mwanamama wa Uingereza, Louise Goodman, alikuwa anahoji madereva wa Formula 1 kwenye runinga ya ITV kuanzia 1997 hadi 2008. Kabla ya hapo alikuwa afisa habari wa timu, Leyton House kisha Jordan. Alipopewa maiki tayari anajua gereji ipi kuna ugomvi na fundi gani hasemi uongo. 2006 pale uwanja wa Silverstone, Uingereza, aliingia kwenye kikosi cha timu ya Midland akabadilisha tairi na mafundi, mbio zinaendelea. Utamdanganya nini mtu wa hivyo?

Kwa hiyo nenda, ila mkataba uwe wa msimu mmoja. Ukizidisha utageuka kibao cha tangazo.

KipazaSauti
Mzee nakuheshimu, lakini hapo nakupinga. Kwetu wanaoshindana wanajuana wote. Ukishavaa fulana ya mtu, dereva wa timu nyingine hakwambii kwamba gia ya tatu inaruka. Msemaji wa Simba akiamka kesho mchambuzi, Yanga gani atamsikiliza?

Mdogo wangu, mimi nimeshika maiki viwanjani miaka mingi. Hebu niambie, umewahi kumhoji dereva kipande kinapoishia?

VumbiLaNamanga
@BachelaMtaa saa nne usiku, lete swali.

@KipazaSauti mara moja dada, kwenye mbio za hapa nyumbani. Gari likasimama, kioo kikashuka, dereva kope zimejaa vumbi kama kapakwa unga wa ngano. Nikamuuliza "unajisikiaje?" Akasema "vizuri." Msoma ramani, yule anayekaa pembeni ya dereva kumsomea njia, akarudishiwa kadi ya muda, wakaondoka. Hata kumi sekunde hazikufika.

KipazaSauti
😂 Wote tumepita hapo. Pale muda wako ni wakati karani anaandika kwenye kadi, basi. Usiulize moyo, uliza chuma. Gari likiwa bado linakuja, tembeza macho: bampa ipo? Tairi gani imekwisha? Halafu piga swali moja, "Ya nyuma kulia umepasulia wapi?" Hapo utasikia mwenyewe: kabla ya daraja, msoma ramani kasema kona ni nne, mimi nikasikia tano (namba ikiwa ndogo, kona ni kali zaidi). Habari umeipata, na wala hukumvuta ulimi.

MwanaNaivasha
Salamu kutoka Kenya. Huwa najitolea kusimamia njia wakati wa Safari. Dada, ukija tena usikae na watazamaji. Omba kitambulisho cha wanahabari mapema, na uambatanishe kazi zako zilizotoka, kwa sababu barua ya redio peke yake haitoshi. Maiki ivishe soksi. Mchanga wa Kedong, kipande kimoja cha Safari huku Naivasha, ni laini kama poda, unaingia hadi kwenye meno. Na usije na mfuko wa plastiki, huku ni marufuku tangu 2017.

Huyo mhariri mkumbushe kwamba Safari ilipoanza 1953 ilipita Tanganyika pia, si Kenya pekee. Na hiyo ya wanaume: Michèle Mouton alimaliza wa tatu hapa 1983 na Audi Quattro, enzi za maelfu ya kilomita. 2022 Maxine Wahome akashinda hapa daraja la WRC3, ngazi ya chini ya mbio za ubingwa wa dunia. Shida yetu ni watangazaji wa Kiswahili ambao kazi yao ni "gari linakuja, gari limepita."

GiaYaTano
Soksi mpya au iliyovaliwa?

VumbiLaNamanga
MREJESHO: Wakuu nimeongea na bosi wa timu. Mkataba msimu mmoja. Nikamwomba niwe narekodi kipindi changu mtandaoni, niwahoji na madereva wengine. Akacheka sana, akasema wote ruksa isipokuwa mmoja, na mnaojua mchezo mnajua ni nani. Hilo la mmoja bado tunabishana, sijasaini. @KipazaSauti usinikasirikie.

Msoma ramani wao kanipa daftari la noti za njia za mwaka jana, zile anazomsomea dereva, nijifunze. Limejaa oili na mwandiko wake ni wa daktari. Mstari huu ndiyo nini? "K5 80 K3– usikate, jiwe ndani"

KipazaSauti
Sijakasirika. Usisaini mpaka huyo mmoja naye aruhusiwe.

MzeeWaKoili
Kulia tano, mita themanini, kisha kulia tatu, inayobana kidogo kuliko tatu ya kawaida. Usiikate hiyo kona, upande wa ndani kuna jiwe. Huo mstari wa chini yake piga picha tena mwanangu, umeuziba na kidole.